Mashine ya gemu inachemsha, inajizima au inaganda: kutafuta kosa kwenye ovakloki na mfumo wa maji

Kabla hujashika bisibisi, fungua HWiNFO (programu ya kusoma joto, volti na kasi), washa Cinebench R23 (ya kuipa prosesa kazi nzito) kwa robo saa, kisha kaa utazame halijoto ya prosesa inavyopanda. Wengi hutazama namba ya mwisho tu. Wanaona 90, wanakimbilia kununua rejeta (kipoza maji) kubwa zaidi, na wiki inayofuata wanaona 89. Namba ya mwisho haisemi mengi. Njia iliyoipita kufika hapo ndiyo inayosema.

Ikiruka kutoka 45 hadi 90 ndani ya sekunde mbili tatu, joto halifiki kwenye maji. Kosa liko kati ya prosesa na bloku (kile kipande kinachoikalia prosesa na kupitisha maji), au pampu haisukumi, au umepandisha volti kupita kiasi. Ikipanda taratibu kwa robo saa bila kutulia, maji yanalipokea joto vizuri ila yanashindwa kulitoa, na hapo wa kulaumiwa ni rejeta, feni, vumbi au hewa ya chumba. Na ikitulia kwenye 70 halafu mashine ikaanguka vilevile, achana na maji kabisa. Katafute kwenye volti, RAM au umeme. Tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa vitu vyenyewe: kipande cha silikoni ndani ya prosesa ni kidogo mno, kinapata moto papo hapo, wakati maji, hata yasiyofika nusu lita, yanahitaji dakika kadhaa.

Mfano nitakaoutumia ni mashine ya kawaida: Ryzen 7 5800X, mfumo wa maji uliofungwa kiwandani wenye rejeta ya milimita 240, kadi ya RTX 3070, ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam, mwezi wa Februari, nyuzi 32. Mwenye Intel asikimbie; njia ni ileile, namba ndizo zinazobadilika. Kikomo cha joto cha 5800X ni nyuzi 90. Cha Ryzen nyingi za 7000 ni 95, na zile zimetengenezwa zifike huko zikipewa kazi nzito, kwa hiyo usimsumbue fundi kwa ajili hiyo. Core za Intel za kizazi cha 12 hadi 14 kikomo chake ni 100.

Jambo moja litangulie mengine yote: ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), rudisha mipangilio ya kiwandani, na XMP (mpangilio wa kuikimbiza RAM) uizime pia. Watu husahau kwamba XMP nayo ni ovakloki, yaani kukimbiza kifaa kupita kasi yake rasmi. Kipimo cha juu rasmi cha RAM ya DDR4 ni 3200. Hiyo 3600 iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi ya aliyeunda RAM, si ya prosesa yako. Ugonjwa ukiendelea baada ya hapo, ovakloki haina kesi.

Joto linaruka papo hapo

Shika mipira miwili inayotoka kwenye bloku wakati mashine iko kazini. Mfumo mzima ukiwa unafanya kazi, yote miwili ina uvuguvugu unaofanana. Hesabu yake ni hii: maji yakipita lita 1 kwa dakika, kila wati 70 zinayapandisha uzi mmoja tu. Prosesa yetu ikila wati 142, maji yanayotoka yatakuwa na joto zaidi ya yanayoingia kwa nyuzi mbili, na mkono hauwezi kuhisi hilo. Kwa hiyo ukikuta mpira mmoja unaunguza na mwingine una ubaridi wa chumba, maji yamesimama. Hakuna haja ya kipimo kingine.

Maji yamesimama kwa nini? Mara nyingi pampu haijafa, imeunganishwa vibaya. Zipo zinazochukua umeme kwa plagi ya SATA, na plagi hiyo hulegea unapopanga nyaya nyuma ya kasha. Nyingine huchukua umeme kwenye pini za CPU_FAN au AIO_PUMP, na mazabodi (bodi kuu) ikizidhania ni feni inazipunguzia volti kila prosesa inapotulia. Pampu ya pini nne ikipangiwa hali ya DC (ya kushusha volti) inaweza kukosa nguvu ya kuanza kuzunguka. Ingia BIOS, pini za pampu uziweke kwenye kasi kamili muda wote, na usome RPM (mizunguko kwa dakika). Pampu nyingi za aina hii husoma kati ya 2000 na 3000. Ikisoma sifuri, chomoa uchomeke tena, kisha jaribu kwenye pini nyingine za mazabodi. Ikiendelea kusoma sifuri na mipira inatofautiana joto, hiyo ni ya kubadilisha.

Mipira ikiwa sawa, fungua bloku. Ukiinua, usifute chochote kwanza. Tazama alama ya pesti (ile krimu ya kupitisha joto) kwenye bamba la shaba. Alama nzuri ni nyembamba, imesambaa hadi kingoni, na katikati unaona karibu rangi ya shaba yenyewe. Ukiona upande mmoja pesti ni nene na laini kama ulivyoiweka, na upande wa pili imebanwa, basi skrubu zilikazwa upande mmoja kwanza. Kaza kwa kukingamiza (kona hii, kisha iliyo mkabala nayo), nusu mzunguko kila kona, mpaka zigote. Ukikuta pesti ni nene kote, bloku haijagusa kabisa: umetumia vifungio vya soketi nyingine. Soketi ya LGA1700 ya Intel ni fupi kwenda juu kuliko LGA1200, na vile vijiti vya kufungia bloku si vilevile ingawa vinafanana kwa macho. Na ndiyo, bado wapo wanaosahau kubandua karatasi ya nailoni chini ya bloku. Ikikutokea, bandua, paka pesti mpya, na jirani asijue.

LGA1700 ina jingine. Mkono wa soketi hubana kifuniko cha prosesa katikati kiasi cha kukipinda kidogo, kikawa kama bonde. Kuna fremu za chuma za kubadilisha mkono huo, bei yake ndogo, na hushusha nyuzi kadhaa. Ukiifunga, usikaze kwa nguvu zote. Ikizidi, chaneli moja ya RAM inaweza kupotea.

Sasa tuseme pampu inazunguka, pesti imekaa, na 5800X bado inaruka hadi 88. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kipande kinachofanya kazi ndani ya 5800X kina ukubwa wa milimita za mraba kama 81, na viini (cores) vyote 8 vimo humo. AMD imeiruhusu prosesa nzima kula hadi wati 142. Sehemu kubwa ya joto hilo inapita kwenye eneo dogo kuliko stempu, tena eneo hilo haliko katikati ya kifuniko bali pembeni. Kizuizi kiko kati ya silikoni na kifuniko, mahali ambapo rejeta haifiki. Weka ya 360, weka ya 420, utapata nyuzi mbili tatu na kelele pungufu, basi.

Dawa yake iko kwenye volti. Wati hupanda kwa mraba wa volti, kisha zinazidishwa na kasi. Chukua aliyepandisha viini vyote kutoka gigahezi 4.5 kwa volti 1.20 hadi 4.7 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 4. Joto la kutoa, kwa hesabu ya juu juu, limeongezeka asilimia 32. Ni biashara ya hasara, na kwa gemu hata hutaiona, kwa sababu AMD yenyewe ikiachiwa inapandisha kiini kimoja au viwili juu ya 4.7 bila kuulizwa. Kwa Ryzen 5000 mimi simshauri mtu kuweka kasi moja kwa viini vyote. Ingia sehemu ya PBO ndani ya BIOS, shusha PPT (kikomo cha wati za prosesa) hadi wati 115 au 120, kisha Curve Optimizer (ya kupunguza volti ya kila kiini) ianze kwenye hasi 10 kwa viini vyote, nenda hasi 15, kisha 20 kama itakubali. Joto linashuka wazi, alama za Cinebench zinabaki karibu palepale. Ukiona volti 1.45 mashine ikiwa imetulia, usishtuke. Ni kiini kimoja kinachorushwa juu kwa muda mfupi, ndivyo zilivyo. Cha kuogopa ni 1.4 ya kudumu chini ya kazi nzito.

Joto linapanda taratibu na halitulii

Maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Wanaosoma majaribio ya Ulaya hulisahau hili. Mwandishi wa kule anapima chumba kikiwa nyuzi 21, anapata prosesa 72. Wewe una 32, kwa hiyo ongeza 11 na utapata 83 kwa vifaa vilevile, bila kosa lolote. Pima halijoto ya chumba, itoe kwenye halijoto ya maji, na hiyo tofauti ndiyo uifuatilie mwezi hadi mwezi. Rejeta ya 240 inayotoa wati 142 ikibaki nyuzi 8 hadi 12 juu ya chumba, iko salama. Ikianza kusoma 18 au 20, kitu kimebadilika.

Mara nyingi kilichobadilika ni vumbi. Ukikaa pwani, vumbi linachanganyika na unyevu wa chumvi, linashika kwenye mapezi ya rejeta, halitoki kwa kupuliza tu. Toa feni kabisa, tumia brashi laini ya rangi, halafu puliza kutoka upande hewa inakotokea, si inakoingilia. Shika panga za feni zisizunguke unapopuliza. Na usipeleke kasha kwa fundi pancha kupulizwa na kompresa. Ile hewa ina maji na oili, na presha yake inapinda mapezi.

Kisha angalia feni zinaelekea wapi. Kwenye feni nyingi, hewa hutoka upande wenye ile fremu ya miguu inayoshika mota. Weka kipande cha tishu uone inavutwa au inasukumwa. Nimeona makasha ambayo feni mbili za rejeta moja zinapigana, moja ikivuta na nyingine ikirudisha. Rejeta ikiwa juu na inatoa hewa nje, inapuliziwa joto la kadi ya grafiki: RTX 3070 inatoa wati 220 ndani ya kasha kabla ya prosesa kuongeza zake. Jaribio la haraka ni kufungua ubavu wa kasha. Maji yakishuka nyuzi tano au zaidi baada ya dakika 15, tatizo ni mzunguko wa hewa ndani ya kasha, na feni moja ya kuingiza hewa mbele itafanya kazi kuliko rejeta mpya. Meza zile zenye kabati la kuficha kompyuta hazifai hata kidogo.

Feni zikiwa zinanguruma na kunyamaza kila sekunde chache, hazina ubovu. Zinafuata halijoto ya prosesa, ambayo inaruka kila ukifungua tabo. Zifungamanishe na halijoto ya maji kama mfumo wako una sensa. Kama hauna, ongeza sekunde za kuchelewa kwenye BIOS.

Halafu kuna wale wa kutia barafu kwenye tanki, au kuelekeza kiyoyozi moja kwa moja kwenye rejeta. Chumba kikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, umande unaanza kutunga kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27. Ishirini na saba! Maji ya barafu yatalowesha bloku kwa nje, na matone yatateremka kwenye soketi. Mfumo wa kawaida wa maji hautoi jasho hata siku moja, kwa sababu hauwezi kushuka chini ya joto la chumba. Ukilazimisha, yatakayokukuta ni yako.

Sauti

Mbubujiko wa dakika chache mashine mpya inapowashwa ni hewa inayotafuta mahali pa kukaa. Ukiendelea kila siku, hewa iko ndani ya pampu. Pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Rejeta ikiwa mbele ya kasha, hakikisha kichwa chake kimepita juu ya bloku, hewa ikusanyike huko. Laza kasha huku na huku pampu ikiwa inazunguka na hewa itahama. Mfumo wa miaka mitano au sita ukianza kububujika ghafla, maji yamepungua: huvuka kwenye mpira taratibu mwaka hadi mwaka hata pasipo tone kuonekana nje. Usijaze maji ya kawaida. Mifumo mingi ya kiwandani ina rejeta ya alumini na bamba la shaba, na kinachozuia metali hizo kulana ni dawa iliyomo kwenye maji yake. Sauti ya kukwaruza, kavu, ni beringi. Hiyo haina dawa.

Halijoto nzuri, mashine inaanguka

Mashine ina namna nne za kuanguka, na kila moja ina mshukiwa wake: skrini ya bluu, kuganda, kujiwasha upya, au kuzima kabisa kwa sauti ya tiki. Anza kwa kufungua Event Viewer ya Windows, sehemu ya System. Kernel-Power 41 haina maana kubwa. Inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Kitafute kilichoandikwa kabla yake.

WHEA-Logger 18 (ripoti ya Windows ya kosa la vifaa) ni prosesa, na mara nyingi ni Curve Optimizer iliyozidi. Dalili yake inachanganya watu: mashine inapita Cinebench usiku kucha, kisha inajiwasha upya ukiwa unatazama video au hujagusa kitu. Inaeleweka. Chini ya kazi nzito viini vyote viko kwenye 4.5 na volti inatosha. Mashine ikitulia, kiini kimoja kinarushwa hadi 4.8 na pale ndipo volti uliyopunguza inakosekana. Ujumbe huo wa 18 una APIC ID, namba inayoonyesha kiini chenye kosa. Kwenye 5800X igawe kwa mbili: 6 au 7 ni kiini cha 3, ukianza kuhesabu kutoka 0. Kipandishe hicho peke yake kutoka hasi 20 hadi hasi 12, vingine uviache. Viini viwili ambavyo AMD imevitia alama kuwa bora ndivyo huwa havikubali kupunguzwa sana, kwa kuwa tayari vinakimbia kwenye ukingo. CoreCycler hupima kiini kimoja kimoja na ni bora kwa kazi hii kuliko Cinebench.

WHEA-Logger 19 ikijirudia yenye maneno Bus/Interconnect Error ni njia ya ndani ya Ryzen, ile FCLK. RAM ya 3600 inaenda na FCLK 1800, na karibu kila Ryzen 5000 inaiweza. Ya 3800 inataka 1900; hapo zinaanza kutofautiana. Mashine haianguki, ila sauti inakatika na kipanya kinasita. Rudi 1800 uishi kwa amani.

Kwenye skrini ya bluu, CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR zinaelekeza kwenye volti ya prosesa iliyopungua. MEMORY_MANAGEMENT, au kila mara jina jipya la kosa, ni RAM. Dalili ya RAM inayopuuzwa ni faili: zip inakataa kufunguka, gemu inaomba kupakuliwa upya, Windows yenyewe inaanza kuugua. Usiendelee kutumia mashine hiyo hata siku moja zaidi, inaandika uongo kwenye diski yako. Piga MemTest86 (programu ya kupima RAM) mizunguko minne kamili, na kosa moja tu linatosha kuihukumu. Ukiwa na vipande vinne vya RAM badala ya viwili, XMP ikikataa si ajabu.

Kuna tukio moja ambalo kila mwenye Intel inayoishia na K anapaswa kulijua. Mwanzoni mwa 2024 gemu za Unreal Engine zilikuwa zinaanguka wakati wa kuandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), na ujumbe ukisema kumbukumbu ya video imeisha. Watu walibadilisha kadi za grafiki. Kosa lilikuwa kwenye prosesa za Core kizazi cha 13 na 14, zilizokuwa zikijiombea volti ya juu mno na kuchakaa kabla ya wakati. Intel ilitoa maikrokodi (sasisho la programu ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024, kisha 0x12B Septemba, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Sasisho linazuia uchakavu. Halirudishi prosesa iliyokwisha kuumia. Ukinunua i9-13900K iliyotumika, ipime kwanza kwa mipangilio ya kiwandani kabla ya kulaumu ovakloki yako. Wa AMD nao wana lao: Aprili 2023 baadhi ya Ryzen 7000 zenye X3D ziliungua kwa volti ya SoC (ile inayolisha kidhibiti cha RAM), na tangu hapo kikomo ni volti 1.3. BIOS ya kabla ya hapo iondoe.

Alama zikiwa chini ilhali kasi inayosomeka iko juu, tazama mstari wa Effective Clock (kasi halisi) ndani ya HWiNFO. Ryzen ikikosa volti huweza kuonyesha 4.8 huku ikifanya kazi ya 4.5. Kadi zenye kumbukumbu ya GDDR6X kama RTX 3080 zina tabia inayofanana: kumbukumbu ikisukumwa mno inarudia kutuma data iliyoharibika, gemu haianguki, fremu zinapungua. Kwa hiyo kila hatua ya Afterburner (programu ya kurekebisha kadi) ifuatwe na kipimo, na namba ikianza kurudi nyuma, umevuka mpaka.

Tiki halafu giza ni umeme. Kadi za RTX 30 zina miruko ya wati ya muda mfupi sana inayozidi ile iliyoandikwa kwenye boksi, na pawa saplai ya wati 650 ya jina lisilojulikana itajikata. Kila soketi ya pini nane ya kadi ipewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, usitumie ule wenye vichwa viwili. Mashine ikizima tu pale umeme unapokatika, angalia UPS. Ya VA 650 inatoa wati kama 360 hadi 390. Prosesa 142, kadi 220, mazabodi, feni na diski 60, hapo umefika 422, na bado skrini. Ukiwa Facebook inashika. Ukiwa vitani ndani ya gemu inakata. Isitoshe, UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, na pawa saplai zenye PFC hai (saketi ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme) baadhi yake hazilipendi. Kama huwezi kununua ya wimbi safi, shusha mzigo: kadi iwekee kikomo cha asilimia 75 ndani ya Afterburner.

Haiwaki baada ya kubadili mipangilio

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwasha mara kadhaa kumaliza chaji, kisha gusisha pini mbili za CLRTC (za kufuta mipangilio ya BIOS) kwenye mazabodi kwa bisibisi sekunde kumi au toa betri ya CR2032 dakika tano. Mwenye RAM ya DDR5 kwenye AM5 (soketi ya Ryzen za 7000) awe na subira kwanza: mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM au kufuta mipangilio, skrini nyeusi ya dakika kadhaa ni kawaida, inajifunza RAM. Anayekata umeme katikati anaanza upya.

Mfumo uliojijengea mwenyewe

Joto likipanda nyuzi kumi ndani ya miezi michache bila vumbi, fungua bloku. Mapezi ya shaba ndani yake yana nafasi nyembamba kuliko kadi ya simu, na utakuta utando mweupe unaonata umelala katikati yake. Huo umetoka kwenye mipira ya plastiki laini inayong'aa. Maji yenye uvuguvugu yanaikamua kidogo kidogo. Utando ukiwa wa kijani na unateleza, ni mwani, na ulikosa dawa ya kuuua au tanki lilikaa kwenye mwanga wa dirisha. Piga picha kabla ya kutoa kile kibamba cha kuelekeza maji, kina upande wake. Sugua kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, usiweke siki kwenye bloku ya nikeli. Unaporudisha, hakikisha oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) imelala kwenye mfereji wake, na maji yaingie tundu lililoandikwa IN. Bloku nyingi zikigeuzwa hupoteza nyuzi kadhaa.

Ukikuta unga mweupe wenye chembechembe na madoa kwenye shaba, chunguza rejeta. Za bei chee mtandaoni ni alumini. Chungulia ndani ya tundu la fitingi (kiungio cha mpira): njano au wekundu ni sawa, fedha nyeupe ni alumini, na haikai na shaba kwenye maji mamoja. Maji yenyewe yawe yaliyochujwa kwa mvuke. Yale ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma lebo: rafu hiyohiyo ina asidi ya betri, na chupa zinafanana. Ongeza dawa ya kutu na ya mwani, badilisha kila mwaka. Maji ya bomba au ya kisima usijaribu, chokaa na chumvi vitaziba mapezi.

Baada ya kujaza, usiwashe mashine. Chomoa kila waya wa pawa saplai isipokuwa wa pampu, tumia plagi ya kuiwashia bila mazabodi, funga karatasi za jikoni kwenye kila fitingi na chini ya bloku, acha pampu ifanye kazi usiku mzima. Karatasi hulowa mapema kuliko jicho kuona. Fitingi ikivuja, usiikaze kwa koleo. Fungua, angalia oringi imekatika au ina uchafu, rudisha kwa mkono.

Maji yakimwagika mashine ikiwa imewaka, zima swichi ya ukutani kwanza, usihangaike na Windows. Toa betri ya mazabodi na kadi, osha palipolowa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, hasa kama maji yalikuwa na rangi, tumia mswaki chini ya chipu na ndani ya soketi za PCIe. Acha vikauke siku mbili mbele ya feni, si juani. Pini za prosesa zitazame kwa tochi kabla ya kurudisha chochote, na ukiona rangi ya kijani kwenye hata moja, osha tena.